Pete Ing'aayo na Neno la Sonara

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, sisi wa Busisi hatungoji tena kivuko tunapokwenda Mwanza kwa sonara. Vijana wetu huvuka asubuhi wakarudi mchana na pete za ndoa. Basi yafaa tujiulize: pete iliyofuliwa kwa mkono, kisha ikang'arishwa kwa mashine, je, bado ni kazi ya mkono?

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Ni pipa dogo linalozungushwa na mota. Sonara hutia humo pete, golori ndogo za chuma kisichoshika kutu, maji na sabuni kidogo. Pipa huzunguka kwa saa kadhaa, nazo golori huikandamiza ngozi ya pete mpaka ing'ae. Haziyali madini kama msasa ulavyo. Kwa hiyo mkwaruzo wa kina hubaki, na kiungo kilichochomewa vibaya hakiponi. Lazima mkono utangulie kwa nyundo, moto, tupa na msasa.

Wako wasemao kwamba fundi wa namna hii ni mvivu, kwa kuwa wazee walisugua kwa mchanga na majivu. Sisi hatukubali. Alimaye kwa plau na ng'ombe hatumwambii kwamba mavuno si yake. Kumpunguzia mtu taabu si kumnyang'anya heshima ya kazi yake.

Hatari iko kwingine. Pipa halibagui. Shaba ya njano nayo hutoka iking'aa, na machoni pa asiyejua hufanana na dhahabu. Lakini kung'arisha si kusafisha. Dhahabu husafishwa kiwandani, kama kile kilichozinduliwa Mwanza mwaka 2021. Pipa hugusa ngozi tu. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, na hata ikizungushwa usiku kucha haitafika 19.

Sonara anyamazaye huku mteja akidhani shaba ni dhahabu, amedanganya bila kufungua kinywa. Tena hakuiba fedha peke yake. Siku kidole cha bibi arusi kitakapogeuka kijani, atakayeshukiwa kwanza ni mumewe, wala si sonara aliye ng'ambo ya maji.

Kwa hiyo fundi na atumie pipa lake bila haya, ila ataje madini na karati kabla ya kutaja bei. Nasi wanunuzi tusione aibu kuuliza. Vijana ambao ndoa zao zimekwisha kutangazwa, nendeni na mtu mzima mmoja, mwulizeni sonara waziwazi, na jibu lake liandikwe kwenye risiti. Akikataa kuliandika, rudisheni pete mezani mwende kwa mwingine.