Mkaazi Asiyekuwa Mwenyeji

Katika mas'ala yanayowashughulisha vijana wa zama hizi ni haya: mtu aliyetoka kwao akaenda kukaa katika nchi ya watu kwa muda maalumu, ilhali nia yake ni kurudi, je, nchi ile na watu wake wana haki gani juu yake? Nia ya kurudi yamtosha kuwa udhuru, akaishi huko kama abiria aliyeketi juu ya sanduku lake pwani akingojea chombo?

Wengi hujibu kwa vitendo kabla hawajajibu kwa ulimi. Na achukuliwe mathalan kijana wa Malindi aliyepata nafasi ya kusoma hisabati au fizikia Trieste, mji wa bandari ulioko kaskazini-mashariki ya Italia, ambako tangu mwaka 1964 kipo chuo cha mataifa kilichoasisiwa na Abdus Salam, bingwa wa fizikia aliyezaliwa Bara Hindi. Amekwenda na mkewe, nao ni wachanga wa ndoa. Muda wao ni mwaka mmoja, pengine miwili. Siku ya kwanza mume amwambia mkewe: "Usiyafungue masanduku yote, sisi hapa ni wapita njia."

Neno hili lina utamu masikioni, na wako watakaolitilia nguvu kwa hadithi mashuhuri aliyoipokea Ibn Umar juu ya mgeni na mpita njia. Lakini hadithi ile imekuja kumfunza mtu asiushike ulimwengu kwa mikono miwili. Haikuja kumpa ruhusa ya kutomjua jirani yake. Na lau ingalikuwa ni udhuru wa mtu Trieste, ingalikuwa ni udhuru wake Malindi vile vile, kwani kote huko ni duniani.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi walikwisha kumtazama mtu huyu zamani. Msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekwisha kwa hukumu ya sharia: hafupishi sala, wala hali mchana wa Ramadhani kwa kisingizio cha safari. Siku nne tu, sembuse mwaka! Khalafu wakaja kwenye sala ya Ijumaa, wakasema neno ambalo kila mwanafunzi aliye ugenini yampasa alizingatie. Mukimu ambaye nia yake ni kurudi kwao, na mfano wao mmoja ni huyo huyo mtafuta elimu, Ijumaa yamwajibikia kama imwajibikiavyo mwenyeji. Walakini hahisabiwi katika ile idadi ya watu arubaini ambao kwao Ijumaa husihi, kwani hao sharti wawe wenye makao yao pale. Basi huyu ni mtu wa tatu, si msafiri na si mwenyeji. Wajibu wote anao, na katika hisabu hamo. Sharia haikumdanganya kwamba amekuwa Mtaliana, wala haikumsamehe kwa kuwa si Mtaliana.

Anayeifahamu hukumu hii ataona kwamba haikukoma mlangoni pa msikiti. Serikali ya Italia nayo yamtaka mgeni aliyekuja kukaa zaidi ya miezi mitatu aombe hati ya ukaazi katika siku 8 za kazi tangu kufika. Hupewa namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, na pasipo namba hiyo ni shida kupanga nyumba kwa mkataba. Kisha huandikisha makao yake katika baraza ya mji, na askari wa mji huweza kuja mlangoni kuhakikisha kwamba kweli yupo. Askari huyo hutazama kwanza jina lililoandikwa kwenye kengele ya chini, kwani katika nyumba za ghorofa za kule kila kengele ina jina. Aliyesema "ni mpita njia, jina la nini?" barua zake hurudi, na jirani hajui amwite nani. Na hapa pana jambo la kumfurahisha Mwislamu: katika daftari za serikali ile mke huandikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa nao, si kwa jina la mumewe. Basi kengele moja huandikwa majina mawili, la mume na la mke, kama sharia yetu isivyomvua mwanamke jina la babake.

Na mke ndiye mzito wa mas'ala haya. Mume akitoka asubuhi huenda chuoni, na chuoni watu wa mataifa yote husemezana kwa Kiingereza. Aweza kumaliza mwaka asijue Kitaliana zaidi ya kusalimu. Mke ndiye mwenye soko, mwenye ngazi za nyumba, mwenye duka la matunda ambamo hupasa kuvaa mfuko wa mkononi kabla ya kugusa chungwa. Mume ana watu, mke ana kuta. Yule asemaye mwaka ni mchache hajawahi kuuhisabu kwa siku za mtu asiye na wa kusema naye mpaka magharibi, khasa katika majira ya baridi, upepo wa Bora unapoushukia mji kwa nguvu hata zamani zikafungwa kamba njiani watu wazishike.

Zipo shule za serikali za watu wazima zifundishazo wageni Kitaliana. Baadhi ya waume huzikataa, mmoja kwa kuwa "mwaka utakwisha", mwingine kwa ghera. Ghera si aibu, lakini itiwe mahali pake. Mwanamke asiyeweza kumwambia tabibu wapi panapomuuma hakuhifadhiwa, ameachwa. Na mume hawezi kuwa ulimi wake kila saa, wala katika kila jambo la mwili wake.

Atauliza muulizaji: je, huku si kuyeyuka katika desturi za watu? Ibn Jubayr alipotoka Hija, jahazi lake lilivunjika karibu na Messina mwezi wa Disemba 1184, akakaa kisiwani Sicilia hatta Machi 1185 chini ya mfalme Mkristo. Aliiogopea dini ya Waislamu wa kule, na hakuificha khofu yake. Hata hivyo aliyafungua macho yake, akaandika mpaka mavazi ya wanawake wa Kikristo wa Palermo, walivyojitanda siku ya sikukuu yao kama wanawake wa Kiislamu. Kijana wa Trieste aweza kuagiza "nero", ndilo jina la kahawa nyeusi katika mji ule, na ile desturi ya Wataliana ya kunywa kwa kusimama, mafundo mawili matatu, mtu akaenda zake, yamwepusha kuketi penye meza ya mvinyo.

Watu wa Malindi wayajua haya kwa upande wa pili. Wataliana walikuja Ngomeni kwa kazi ya kurusha vyombo vya angani, na mwaka 1967 chombo chao kiliruka kutoka jukwaa la baharini. Baadaye wengine wakajenga Malindi na Watamu. Yuko aliyekaa miaka ishirini na hajui kuitika hodi. Yuko na ajaye miezi michache kila mwaka, naye jirani akifiwa huja akaketi barazani na wafiwa. Hapana amwulizaye huyu wa pili tarehe yake ya kurudi.

Limebaki la mtoto, kwani wachanga wa ndoa hupata mtoto. Akizaliwa Trieste, kuzaliwa kwake huandikishwa katika baraza ya mji ndani ya siku 10, au hospitalini ndani ya siku 3. Kwa sharia ya Italia ya mwaka 1992 mtoto hufuata uraia wa wazazi wake, basi hatakuwa Mtaliana kwa kuzaliwa pale. Atarudi Malindi mikononi mwa mamake, asijue lolote la mji ule. Na kila atakapoandikwa, shuleni, katika pasi na siku ya kuozwa, mahali pa kuzaliwa pataandikwa Trieste.