Kutawakali na Mlango wa Dharura

Kutawakali, yaani kumwachia Mungu matokeo ya jambo baada ya mja kutimiza wajibu wake, ni fundisho linalotajwa sana baada ya ajali kazini, lakini ni nadra kutajwa pale unapotakiwa kuandaliwa mpango wa kuwatoa wafanyakazi jengoni kabla ya moto au maporomoko. Swali ni hili: je, mwajiri anayekagua milango ya dharura, anayeteua mahali pa kukusanyikia na kuwahesabu watu, na anayewafanyisha mazoezi ya kutoka, amepungukiwa na imani katika kadari, maana yake makadirio ya Mungu yaliyotangulia?

Swali hili ni la kale. Khalifa Umar bin al-Khattab alipofika Sargh akielekea Sham, akapata habari kwamba huko kumezuka tauni, aliamua kurudi Madina na watu wake. Abu Ubaida, jemadari wake huko Sham, alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, Umar alimjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu huyohuyo. Kwa jibu hilo, njia ya kutokea nayo imekadiriwa, kama hatari ilivyokadiriwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliingia ndani zaidi katika Ihyaa Ulumuddin, aliposema kwamba kulala katika mkondo wa mafuriko au chini ya ukuta ulioinama hakuhesabiwi kuwa ni kutawakali. Lakini hoja yake iliyo nzito zaidi kwa mahali pa kazi, ingawa hakuitoa kwa ajili ya viwanda, inamhusu mtu mwenye watu wanaomtegemea: aliye peke yake aweza kuivumilia njaa kwa kuwa anayeumia ni yeye, ila mwenye watoto hana ruhusa ya kuwabebesha subira wasiyoichagua. Mwajiri yuko katika hali ya huyu wa pili. Mlango wa nyuma unapotiwa kufuli ili bidhaa zisiibwe, na ngazi inapojazwa maboksi hata mtu apite ubavu, anayewekwa rehani ni fundi cherehani wa orofa ya juu, ambaye hakuulizwa, wala hajui ufunguo uko kwa mlinzi yupi. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, na mtu akianguka pasipo ukingo, lawama ya damu humwangukia mwenye nyumba.

Wapo wanaoamini kwamba hatari ikifika, akili ya kila mtu itamwonyesha njia. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, watu wengi katika majengo ya jirani waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na bomu lilipolipuka vioo viliwapiga usoni, wengine wakapofuka. Hawakuwa wajinga, walifanya ambalo karibu kila binadamu angelifanya, na ndiyo sababu mazoezi yanahitajika, ili mwili ujue la kufanya kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza.

Ukuta wa Ghazali ulionekana waziwazi Bangladesh, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilipotokea katika jengo la orofa nane lililoitwa Rana Plaza, karibu na Dhaka. Kwa ushuhuda wa manusura, asubuhi iliyofuata wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyokuwamo waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao, baadhi wakitishiwa kunyimwa mshahara. Jengo likaporomoka na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Katika jengo hilohilo lilikuwamo tawi la benki, na viongozi wake, waliozisikia habari za nyufa zilezile, walikuwa wamekwisha kuwaondoa wafanyakazi wao siku moja kabla.