Jenga Ukingo Juu ya Dari Yako

Andiko kuu: Kumbukumbu la Torati 22:8
Soma pia: Matendo 10:9, 2 Samweli 11:2, Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Jumapili hii tuliingia katika sheria moja ndogo ya Musa ambayo wengi wetu huipita mbio tukisoma Torati. Mungu anamwambia Mwisraeli kwamba akijenga nyumba mpya, azungushe ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile. Hapa kwetu Sagana mabati yameinama ili mvua iteremke, hakuna anayepanda juu kuketi. Kule kwao dari ilikuwa tambarare. Rahabu alianika kitani darini na akawaficha wapelelezi humo. Dari ilikuwa kama sebule ya pili.

Sasa angalia vizuri. Mungu hakusema wasijenge dari. Hakusema watoto wasipande kamwe. Alisema: weka ukingo.

Nalileta neno hili kwa sababu wazazi wananiuliza, "Mchungaji, dunia imeenda mbele, watu wanalipa karo kwa simu, mbona shule bado inamnyima mtoto wangu simu?" Ni swali zuri. Tulijibu kwa Neno.

1. Dari ni moja, watu ni wawili

Petro alipanda darini saa sita mchana kuomba, na huko Mungu akamfunulia kwamba mlango wa Injili umefunguliwa kwa mataifa. Wewe na mimi tuko kanisani kwa sababu ya dari ile! Lakini Daudi naye alipanda darini jioni, akatembea-tembea bila kazi, jicho likatua mahali. Mwisho wake ulikuwa uzinzi, mauaji na kilio cha mtoto mchanga. Mwambie jirani yako: dari ni moja!

Simu ni hivyo hivyo. Mama anayeuza nyanya sokoni anapokea pesa kwayo. Mwanafunzi anaweza kusomea hesabu kwayo. Na simu hiyo hiyo, saa saba usiku chini ya blanketi, inamfundisha kijana kubeti, inamwonyesha msichana picha za kumfanya auchukie mwili aliopewa na Mungu. Tofauti ni saa, ni mahali, na ni nani yuko karibu.

2. Sheria ni ukingo, si jela

Shule zetu nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Wengine wanasema ni ushamba wa walimu wa huku kwetu. Hapana. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za vijana wadogo wa sekondari. Mwaka 2023 UNESCO ilitoa ripoti ikasema simu iingie darasani pale tu inaposaidia masomo. Australia imeenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto wa chini ya miaka 16 hatakiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa kama TikTok na Instagram. Na faini, ambayo inaweza kufika dola milioni 49.5 za huko, haitozwi mtoto wala mzazi. Inatozwa kampuni.

Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza mtoto kudhulumiwa au kunyanyaswa mtandaoni. Huo pia ni ukingo.

Ukipita daraja la mto hapa Sagana utaona vyuma kando. Umewahi kusikia dereva akilalamika kwamba vile vyuma vinamnyima uhuru? Ndivyo vinavyomwezesha kuvuka bila hofu.

3. Wa kujenga ni mwenye nyumba

Hapa ndipo neno linauma. Torati haikumwambia mfalme ajenge ukingo, wala jirani. Ilimwambia mwenye nyumba.

Kuna mzazi anayetia sahihi sheria za shule siku ya kuripoti, halafu siku ya kutembelewa analeta simu ndogo imefichwa ndani ya mkate. Anasema ni upendo, anataka kusikia sauti ya mtoto. Mpendwa, ofisi ya shule iko na simu. Ukifanya hivyo umebomoa ukingo kwa mkono uleule uliotia sahihi, na umemfundisha mtoto kwamba kudanganya ni sawa mradi anayedanganya ni mama.

Kuna mwingine anamfungulia mtoto wa miaka kumi akaunti na kumwandikia umri wa uongo, wakati hiyo mitandao yenyewe inasema chini ya miaka 13 asiingie.

Na ukingo wa shule unaishia kwenye geti. Likizo ikifika, mtoto anakuja kwako au kwa cucu, na simu inakuwa yaya. Kumbukumbu 6 inataka tuwafundishe watoto tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Hebu jiulize: siku hizi ni nani anaketi na mtoto wako, na ni nani anamwamsha?

Kwa hivyo wiki hii fanyeni haya. Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, na ya baba pia. Wakati wa chakula hakuna simu mezani. Jua mtoto anatazama nini na anaongea na nani. Samaki mkunje angali mbichi.

4. Ukingo hauponyi moyo

Ukingo unazuia mwili kuanguka. Haukuweza kuzuia jicho la Daudi. Sheria inaweza kumnyang'anya mtoto simu, lakini haiwezi kumpa kiu ya Mungu. Hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu, naye hupenda kutumia mzazi mwenye muda.

Na ikiwa mtoto ameshaanguka? Labda mtu anamtishia kwa picha zake, anamdai pesa. Usimpige! Ukimpiga, kesho hatakuambia, na wengine wameumia kwa kunyamaza hivyo. Msikilize, usifute ushahidi, piga 116, laini ya watoto isiyo na malipo, usiku na mchana. Baba wa mwana mpotevu hakuanza na hesabu ya mali iliyopotea. Alianza kwa kukimbia kumkumbatia.

Vijana wetu, nanyi sikieni. Petro alipanda darini akijua anaenda kuomba. Daudi alipanda bila kujua anatafuta nini. Kabla hujawasha simu, jua unapanda kufanya nini.

Tuombe: Baba, tupe mikono ya kujenga ukingo na mioyo isiyochoka kulinda. Walinde watoto wetu mabwenini na manyumbani. Walioanguka, wainue. Sisi wazazi, tufundishe kuweka simu chini na kuwatazama machoni. Katika jina la Yesu. Amina.