Fahali wa Rubongi na Paka wa Msikitini



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita paka wa msikiti wetu alizaa mara ya pili katika mwaka mmoja. Ndugu mmoja akashauri apelekwe kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Nilisimama mimi, msomi wa Taaluma za Kiislamu, nikasema huko ni kubadili maumbile aliyoyaumba Allah, nikaitaja Suratun-Nisaa aya ya 119. Nilishinda mjadala. Wiki hiyohiyo watoto wa paka wakatiwa kwenye gunia, wakaenda kutupwa. Sikulibeba gunia, lakini wala sikuuliza linapelekwa wapi.

Likizo ikanikuta nyumbani Rubongi, nje kidogo ya mji wa Tororo. Kwetu hulimwa kwa plau, na fahali hatulii kwenye nira mpaka awe maksai. Baba mdogo alikuwa na wa miaka mitatu. Tulimwangusha kwa kamba, watu watano, nami nikamkalia shingoni. Aliyemhasi alitumia kisu na majivu, basi. Sauti ile bado ninayo masikioni. Hakuna aliyekumbuka aya ya 119, hata mimi.

Niliporudi nikafungua vitabu. Kuhasi mnyama wa kuliwa kuna asili: Imam Ahmad na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo madume wawili waliohasiwa. Lakini Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafii, anaeleza katika sharhe yake ya Sahih Muslim kwamba mnyama wa kuliwa huhasiwa akiwa mdogo. Akishakuwa mkubwa ni haramu, na asiyeliwa ni haramu vyovyote. Kwa paka, basi, nilikuwa na pa kushika. Na yule fahali wa miaka mitatu je? Wahanafi nao huruhusu hata kwa paka pakiwa na maslahi.

Tazameni na namna yenyewe. Burdizo, lile koleo kubwa, hubana mishipa ya korodani bila kupasua ngozi, na ndama hupona upesi kuliko fahali mzima. Paka hulazwa kwa dawa ya usingizi kabla ya kuguswa. Hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahih Muslim inadai ihsani hata kwa mnyama anayechinjwa. Sisi yule tuliyeruhusiwa tulimkata akiwa macho, na yule tuliyemtetea kwa dalili tukawatia wanawe guniani.

Baba mdogo amekubali: ndama aliye zizini hatangoja akue, atahasiwa kwa burdizo. Suala la paka nimelifikisha kwa masheikh wetu, msichukue fatwa kwangu. Lakini ana mimba tena. Aliye tayari kulea mtoto mmoja anipe jina lake baada ya Swala ya Ijumaa.

Wallahu aalam.