Bwana Mpole

Majuzi wajukuu wangu walinionyesha sinema ya 12 Years a Slave, iliyotengenezwa na Steve McQueen mwaka 2013. Ni habari ya kweli ya Solomon Northup, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mtu huru huko New York. Mwaka 1841 alitekwa kwa hila akauzwa Louisiana, asipate uhuru wake tena hadi 1853.

Vijana walimlaani sana Epps, yule bwana wa pamba mwenye kiboko. Mimi aliyeninyima usingizi ni Ford, bwana wa kwanza: mhubiri, mtu mpole, awasomeaye watumwa wake Maandiko siku ya Bwana, huku Eliza akiwalilia wanawe wawili waliotengwa naye sokoni. Katika sinema, Solomon anamwambia waziwazi kwamba yeye si mtumwa. Ford anajibu kwamba hawezi kulisikia neno hilo; ana deni. Kisha anamtoa kwa Epps.

Ajabu ni kwamba Northup mwenyewe, katika kitabu chake cha 1853, alimsifu Ford kuwa Mkristo mwema. Sinema ni kali kuliko yeye aliyeteswa. Hata hivyo mimi naelekea upande wa sinema.

Zamani, nikiwa mwalimu, mtoto mmoja wa kike alinijia kunieleza jinsi alivyotumikishwa katika nyumba aliyolelewa. Nilimjua mwenye nyumba. Tulikaa naye benchi moja kanisani. Nikamwambia mtoto arudi Jumatatu, maana nina madaftari ya kusahihisha. Jumatatu hakuja, wala sikumwulizia.