Pembe za Reni na Swali la Nguvu

Katika nchi za baridi za kaskazini, kama Norwei, Uswidi, Ufini, Urusi na hata Kanada, yuko mnyama aitwaye reni. Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Ulaya, humfuga tangu zamani. Mnyama huyu huamsha swali la kale: aliyepewa nguvu amepewa kwa ajili ya nani?

Msomaji wa Kongo azijua pembe za nyati na za mbawala: mnyama huzipata ujanani, naye hufa nazo. Pembe za reni si hivyo. Ni mfupa mtupu wenye matawi kama mti, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Zinapoota hufunikwa na ngozi laini iliyojaa damu, na zaweza kurefuka sentimeta 2 hivi kwa siku. Chakula hakitoshi kwa kazi hiyo, hata mwili huazima chokaa katika mifupa yake wenyewe, hasa mbavu. Zikishakomaa, damu huacha kuzipitia, ngozi hukauka, naye mnyama huisugua mitini mpaka itoke. Yale yote ambayo dume hujivunia, yapata mita 1 na zaidi, ni mfupa uliokwisha kufa.

Majira ya kupandana, mwezi wa Septemba na Oktoba, madume hupigana kwa pembe hizo, hata kula karibu waache. Kisha homoni ya kiume hupungua, mahali pembe zishikanapo na fuvu hulegea, na kabla ya mwaka kwisha madume wakubwa wengi hubaki vichwa vitupu.

Hapa ndipo penye ajabu. Katika jamii yote ya wanyama wenye pembe za namna hii, reni peke yake ndiye ambaye majike nao huota pembe kwa kawaida. Ni ndogo, walakini wenye mimba huzichukua baridi yote mpaka wakati wa kuzaa, yapata Mei. Katika miezi hiyo chakula kimefukiwa na theluji. Reni huchimba kwa kwato mpaka avifikie viumbe vifananavyo na mimea mifupi viitwavyo likeni, na shimo lililochimbwa kwa taabu ni rahisi kunyang'anywa. Basi jike, ambaye mwezi wa Oktoba hakuweza kusimama mbele ya dume, sasa amfukuza shimoni, naye lile jitu huondoka.

Je, dume amemhurumia? Hapana. Wako wapendao kusema ya kuwa wanyama hutufundisha upendo. Huko ni kusema kwa haraka mno. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa viumbe visivyo na akili huelekea mwisho wake kama mshale uelekezwavyo na mpiga upinde. Dume hakuziacha pembe, zimemwanguka. Hana sifa kwa hilo, kama vile hakuwa na kosa alipomsukuma jike. Hekima iliyomo humo si yake, ni ya Muumba.

Kwa binadamu neno hili ni gumu zaidi. Mume hana majira ya mwaka yamwangushayo pembe. Ikiwa nyumbani mwake nyama huwekwa mbele yake kwanza, na mke mwenye mimba hungoja mchuzi uliobaki, baridi haitakuja kuigeuza desturi hiyo. Yeye husema ndivyo walivyofanya mababu, tena mke hajalalamika. Yawezekana. Lakini mwenye hiari huulizwa jambo ambalo reni haulizwi kamwe. Wala hawezi kujitetea kwa mfano wa porini, kwamba mwenye nguvu hula kwanza, maana hata kule kaskazini, katika miezi ya njaa, mambo si hivyo.

Ndama akiisha kuzaliwa, baada ya siku chache pembe za mama nazo huanguka. Hubaki chini penye majani mapya, na panya, hata reni wenyewe, huzitafuna kwa ajili ya chokaa yake.