Talanta Moja Si Kidogo

Jumapili tulisoma Mathayo 25:14-30. Leo naongeza jambo ambalo sikuwa na ujasiri wa kulisema madhabahuni.

Mwaka jana dada mmoja wa kanisa hili, mwenye kibanda cha mboga, alinifuata baada ya ibada akiwa na daftari lake. "Pasta, wewe umesomea biashara. Hebu niangalizie hapa. Pesa inaingia lakini siioni." Nikamwambia aje wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikamwambia vivyo hivyo. Jumamosi zangu nilikuwa nawafanyia watu hesabu za kulipwa, na kusema kweli, daftari la mama mboga halikuwa na kitu kwangu. Akachukua mkopo wa simu aongeze bidhaa, kisha mwingine wa kulipa ule wa kwanza. Kufikia Agosti kibanda kilikuwa kimefungwa.

Nilipoenda kumwona, tulikaa na lile daftari dakika 40 tu. Kreti ya nyanya alinunua shilingi 4,000, boda 300. Zikishaoza chache, alikuwa anauza zilizobaki 4,200. Aliamini anapata 200, kumbe anapoteza 100 kila kreti, kwa sababu nauli haikuwa kwenye hesabu. Nikamwomba msamaha. Akanijibu, "Sikutaka kukusumbua, Pasta. Najua una kazi nyingi." Hilo lilinichoma kuliko lawama.

Tangu siku hiyo najiuliza: kipawa nilicho nacho ni mali yangu? Karo nililipa, usiku nilikesha. Si nina haki ya kuchagua nani ananufaika?

Wale tuliosoma hesabu tunajua kwamba benki haiandiki akiba ya mteja kama utajiri wake. Inaiandika upande wa madeni, kwa sababu mwenyewe yupo na ataidai. Mimi nilikuwa nimeandika kipawa cha Mungu upande usiofaa wa kitabu. Hata akili niliyokesha nayo sikuinunua popote.

Labda unasema, "Pasta, wewe una digrii. Mimi nina talanta moja tu." Ndugu yangu, talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku nzima (Mathayo 20:2). Piga hesabu: hiyo ni kazi ya karibu miaka 20! Yule mtumwa hakupewa kidogo. Huenda alilinganisha lake na la mwenzake, akaliona dogo, akachimba shimo.

Tena angalia sababu aliyoitoa. Alisema bwana wake ni mtu mgumu. Hapo ndipo penye shida. Anayemwona Mungu kuwa mchoyo atakuwa mchoyo vilevile, maana anaogopa kwamba kikiisha hatapewa kingine. Waisraeli waliofungia mana mpaka asubuhi waliikuta imeingia wadudu (Kutoka 16:20). Aliyetoa ya jana alikuwa na ya leo, lakini wao hawakumwamini.

Je, hii ina maana nisilipwe kamwe? La. Yesu mwenyewe alisema mfanyakazi anastahili ujira wake (Luka 10:7), na Paulo alishona mahema apate riziki (Matendo 18:3). Kulipwa si dhambi. Dhambi yangu ilikuwa kwamba asiye na cha kunilipa hakuwa na nafasi kwenye Jumamosi yangu hata moja. Na tusigeuze kutoa kuwa biashara nyingine, eti nikitoa leo, kesho Mungu anirudishie na riba. Mungu si chama cha mzunguko. Alitupa Mwanawe tukiwa bado wenye dhambi (Warumi 5:8), wakati hatukuwa na chochote cha kumrudishia.

Basi kila Jumamosi saa nane, baada ya maombi, nitakaa kwenye madawati ya nyuma. Lete daftari lako, hata kama limechanika. Yule dada sasa anauza akiwa amesimama kando ya kibanda cha mwenzake, na amekubali kuja kufundisha wengine kuhesabu nauli.

Na wewe fundi, muuguzi, mwalimu, dereva: nani amekuomba msaada ukamwambia wiki ijayo? Mtafute leo. Bwana akubariki.